Niliwaficha harusi wenzangu wa kazini kwa kuogopa midomo yao, wakanijia nyumbani na uji

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Hii ninayoileta sijaitia chumvi. Kama kuna nilichofanya basi ni kupunguza, maana kuna mahali mkono wenyewe unakataa kuandika kwa haya. Mkinisema ntasoma tu.

Mie nnafanya kazi ya londri kwenye hoteli moja Mji Mkongwe, upande wa Malindi. Tuko watatu chumba kimoja: mie, Mzee Makame mtu wa Tumbatu, ambaye ni wa mashine, na Bi Riziki wa pasi. Mashuka, mataulo, joto, sabuni. Kutwa ndiyo hivyo.

Sasa hawa wenzangu, wallahi, sijapata kuona watu wa kuona ubaya kama wao.

Ukiingia asubuhi ukasema leo kumepoa, Mzee Makame anakujibu, "Ngoja saa sita." Ikiletwa mashine mpya anaizunguka, anaigonga kwa kidole, halafu, "Hii? Haifiki Ramadhani." Hoteli ikijaa wageni Bi Riziki anaguna, "Wakijaa hivi ujue mbele kuna watu kupunguzwa." Logic yake sikuielewa hadi leo.

Mtu akinunua pikipiki, wanamhesabia ajali. Akijenga, ukuta una ufa. Akipata mtoto, eh, shule za siku hizi si mnaziona.

Nlijaribu kila njia. Nlivaa earphone nikasikiliza kaswida kutwa, Mzee Makame anakuja ananitoa moja sikioni ili anipe habari mbaya ya siku. Nikajaribu kuwajibu kwa mambo positive, Bi Riziki akanitazama kwa huruma kama mtu mwenye homa. Mwisho nikasoma humu humu jukwaani ushauri kwamba watu negative usiwape habari zako, fanya mambo yako kimya kimya. Nikaushika kwelikweli.

Kilichonitisha zaidi ni kijana mmoja wa mapokezi. Alikuja londri na furaha zake kutuambia kachumbia. Mzee Makame hata kichwa hakuinua, "Hiyo haifiki." Na kweli haikufika, uchumba ukavunjika. Walivunjana kwa mambo yao wenyewe, nnajua, lakini mie nlishaingia hofu. Na sisi huku mnatujua kwa kuogopa kijicho, mtu hata safari haitaji mpaka ashuke boti.

Basi posa yangu kwa Rahma ilipokubaliwa, nikamwambia mama kazini simwambii mtu.

Mama hakupenda. "Hata wale wenzio wa chumba kimoja? Si uungwana, Khamis."

Nikamwambia ntawaambia yakishapita.

Ikabaki ruhusa. Nlitaka wiki nzima, na wiki nzima haipatikani bila sababu. Nikampigia simu bosi nikamwambia mama anaumwa, presha imepanda, nyumbani hakuna wa kumuuguza ila mie.

Wakuu, nlimzulia ugonjwa mama yangu mzazi, na hata sauti haikutetemeka. Bosi akanipa pole, akanipa na wiki. Halafu, kama mtu yeyote mwema, akateremka londri kuwapa habari wenzangu.

Siku ya nikah. Kwetu Jang'ombe njia yote imefungwa turubai, viti vimepangwa, wanaume tumekaa nje tunangoja gari moja iliyochelewa tuondoke kwenda msikitini kwa kina Rahma. Wanawake wako ndani wanavaa, kimya hata redio haijawashwa. Mie niko katikati ya wazee, joho, kilemba, na maasumini yananinukia.

Nikawaona wanaingia kutoka barabarani.

Bi Riziki kashika hotipoti kaifunga kwa kanga. Mzee Makame ana mfuko wa machungwa. Nguo ni zile zile za kazini, wametoka shifti hawakupita hata kwao. Wamekuja kumtazama mgonjwa.

Walipoliona turubai, wakasimama. Kisha Mzee Makame akaja mbiombio, machungwa yanampiga magotini. Turubai, viti, wanaume wamekaa kimya. Kwa mtu aliyeambiwa nyumba hii ina mgonjwa, ingekuwa nini kingine?

Akamshika mkono ami yangu aliyekaa kiti cha mwanzo. "Poleni sana. Kafariki saa ngapi?"

Ami akashtuka. "Nani?"

"Mama yake Khamis."

Bi Riziki nyuma yake alishaanza kulia.

Viti vyote vikanigeukia mie. Ikabidi nisimame, na lile joho langu. Loh! Ardhi nayo ukiitaka ipasuke haipasuki.

Wakati huo huo ndani vigelegele vikapasuka, mama akatokea mlangoni na chetezo cha udi anifukize kabla sijaondoka. Kavaa, kapambika, mzima wa afya. Akamwona Bi Riziki analia.

"Kuna nini?"

Ami akamjibu, "Hawa wageni wanakuzika."

Mama alinitazama mara moja tu akaelewa. "Umenizulia nini, Khamis?" Alisema polepole, lakini kila mtu alisikia. Mama yangu, siku ya furaha yake, mbele ya watu aliowaalika.

Nlimngoja Mzee Makame anitukane. Kama angenitukana ningepona.

Yeye alikuwa anamtazama mama. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi, mama mzima." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. Wallahi alikuwa anafurahi kweli. Halafu ndiyo akalitazama joho langu, kutoka juu mpaka chini, akaelewa na ya pili. Akanipa mkono. "Mola awape kheri."

Bi Riziki akampa mama hotipoti. "Uji wa mtama, bi mkubwa. Nlikupikia wewe, kunywa hivyo hivyo."

Mama akawasihi wakae. Mzee Makame akasema nguo zao si za harusi. Wakaweka machungwa juu ya kiti, wakaondoka. Nlitaka kusema samahani, likatoka "ahsanteni".

Msikitini nikakosea kuitikia maneno ya ndoa, nikarudishwa upya. Watu wakacheka, wakadhani ni furaha.

Niliporudi kazini nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Makame. "Niwie radhi, mzee wangu." Akanijibu, "Nshakuwia," akaendelea kupakia mashuka. Bi Riziki naye hivyo hivyo, akaniuliza na hali ya bibi harusi.

Na tangu siku ile, wakuu, nimepata nilichokuwa nakitafuta. Mbele yangu hakuna neno negative. Mashine? Nzuri. Wageni? Wapo. Nikiwa nje nawasikia wanalalamika kama zamani, nikiingia wananyamaza.

Juzi nikasikia jikoni kwamba binti yake Bi Riziki alilazwa, na hoteli nzima ilikwenda kumtazama, mpaka mlinzi. Ameshatoka. Mie sikuambiwa.

Nikamuuliza Mzee Makame mbona hamkunambia.

"Wewe habari mbaya huzipendi, mwanangu. Tukaona tusikukere."

Hakusema kwa kunikomoa. Alisema kwa upole, na ndiyo maana sijalala vizuri.

Somo langu ni hili. Wapo watu negative wenye roho mbaya, hao wakimbieni. Lakini wapo ambao wana hofu tu, wanaogopa kwa ajili yao na kwa ajili yako, na wakisikia limekufika wanakuja na nguo za kazini. Mie sikutofautisha. Nlikaa nao chumba kimoja nisitofautishe.

Mliowahi kuvunja imani ya watu kazini, mliirudishaje? Radhi nshapewa kwa mdomo, nnataka ile ya moyoni. Comments zote ntasoma, na za kunisema pia.

Mama kila nikirudi huniuliza, "Wenzio hawajambo?" Namjibu hawajambo. Lakini wakuu, mie sijui kama hawajambo. Hawanambii.