Mkeka wa Msiba wa Siutiti

Siku Lose alipokufa kulikuwa na mvua ile nyepesi isiyolowesha mtu, inayoelea tu, na kisiwa chetu cha Ha'ano kilikuwa kimya kama nyumba yenye mtoto aliyelala. Nilikuwa barazani namenya viazi vikuu, sijui kama nilikuwa macho au nasinzia, nikamwona jirani yangu Siutiti akipita uani kwake amevaa mkeka wa msiba.

Si ule mdogo, safi, wa kufunga kiunoni. Ulikuwa mkubwa, mkuukuu, umechanika pembeni, umempanda hadi kifuani na chini unaburuta matope. Kwetu mkeka wa namna hiyo hauvaliwi ovyo. Aliye juu ya marehemu kwa daraja la ukoo huvaa mzuri. Aliye chini yake huvaa mchakavu, na kadiri ulivyo chini ndivyo unavyozama ndani ya mkeka. Siutiti alikuwa amezama, kimebaki kichwa.

Mimi nina ugonjwa mmoja, nakiri: kichwa changu hakitulii mpaka kipate jibu. Nikaupekua ukoo wake wote palepale. Wazazi walishakufa. Nani amebaki juu yake? Shangazi yake tu, Kalo, aliyeko Auckland, mwenye miaka tisini na ushee. Basi ni yeye. Sikumwuliza Siutiti, maana mtu aliye ndani ya mkeka ule hasumbuliwi kwa maswali. Nikaenda dukani kwa Lesieli.

"Shangazi Kalo katutoka," nikamwambia.

"Nani kasema?"

"Nimeuona mkeka wa Siutiti kwa macho yangu."

"Basi hapo hakuna cha kuuliza," Lesieli akasema, akaanza kufunga duka.

Sasa niwaambie Lose alikuwa nani. Miaka saba nyuma, Semisi, mume wa Siutiti, alikwenda Australia kuchuma matunda, pamoja na wale wanaokwenda miezi saba na kurudi. Wenzake walirudi. Yeye alipiga simu kila Jumapili, halafu mara moja kwa mwezi, halafu basi. Wiki ile aliyoondoka, kifaranga mmoja aliyelowa chapachapa aliingia kwa Siutiti akakataa kutoka. Siutiti akawa anasuka mikeka huku amemtia kifuani apate joto.

Akampa jina Lose, na kifaranga akawa kuku mweupe, mnene, mwenye madaha. Siutiti alipotandaza majani ya mkadi asuke, Lose alikuja akakaa juu ya kazi, akafumba macho. Siutiti hakumfukuza. Alisuka upande mwingine, na upande ukiisha alikaa tu, mikono mapajani, akingoja mwenzake aamke. Jioni walikwenda ufukweni, kuku mbele yeye nyuma, polepole, hawana haraka na dunia. Niliwatazama mara nyingi nikajisahau, chungu changu kikaungua. Tulimcheka, sikatai. Lakini nyumba ile ilikuwa na raha fulani ambayo kwangu, pamoja na mume na watoto sita, sikuwa nayo.

Kufika saa nane mchana tulikuwa watu arobaini na kitu uani kwake, wote weusi tii kwa nguo, na mikeka yetu viunoni, na viazi vikuu, na nguruwe wawili wa kuokwa, na kwaya. Siutiti alitoka akatutazama kama mtu anayeota. Hakushangaa. Akatupisha barazani, akaketi katikati yetu, machozi yanamtiririka taratibu bila sauti, nasi tukaimba wimbo wa kwanza, mrefu, mvua inaelea juu ya mabati.

Tulipomaliza akaingia Lesieli, simu mkononi.

"Nimepiga Auckland kuuliza maziko ni lini," akasema. "Shangazi Kalo kapokea mwenyewe. Anauliza kafa nani."

Nyuso zote zikanigeukia mimi. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

Mzee Feleti, anayetuongozea sala, akamsogelea Siutiti. "Mwanangu," akasema, "tumwombee nani?"

"Lose."

"Lose yupi?"

"Kuku wangu, Mzee. Nimemkuta asubuhi juu ya mkeka ninaosuka. Nilidhani kalala, nikakaa nikamngoja."

Mtu akacheka nyuma huko, na cheko likaanza kupita barazani. Lesieli akashika kiuno. "Siutiti, mama, mkeka wote huo kwa kuku? Ina maana kuku alikuwa mkubwa wako?"

"Alikuwa mkubwa wangu. Akiamka, naamka. Akikaa, nahama. Wewe kwa mumeo hufanyi hivyo?"

"Mume wangu angekuwa anataga, ningefanya."

Hapo tulicheka wote, hata kwaya. Siutiti peke yake hakucheka. Alikuwa anaupapasa mkeka pale ulipochanika.

"Huu nilitaka kuuvaa Semisi alipokata simu zake," akasema. "Nautoa sandukuni, nautazama, naurudisha. Ningeuvaaje? Hakuna aliyekufa. Watu wangeniuliza nini, nami ningewajibu nini? Miaka saba sijui ninalia au ninangoja. Lose amekufa kweli. Nimemzika mwenyewe chini ya mshelisheli, najua alipo."

Niliona aibu kubwa, si kwa ajili ya shangazi Kalo, bali kwa miaka saba niliyokaa barazani kwangu, naona kila kitu uani kwake, nisilione hili.

Mzee Feleti akamwinamia. "Na Semisi, nimtaje?" akauliza kwa sauti ya chini.

Siutiti aliitazama mvua.

"Semisi hajafa, Mzee. Mwache. Mtaje Lose."

Mzee Feleti amezika nusu ya kisiwa hiki na hajawahi kumwombea ndege. Akavua miwani, akafumba macho, akamtaja. Tukaitikia amina, watu arobaini na kitu, na mimi nililia kuliko nilivyomlilia mama mkwe wangu, Mungu anisamehe.