Kibali cha Kushindilia Theluji

Nilikwenda milimani kwa sababu Papa Kalonji hasomi Kiingereza, nami sikuwa na kazi. Ilikuwa Julai 1998. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu hapa Durban, nakaa chumbani Glenwood nikisubiri barua ya ajira, na kila asubuhi nikijiuliza kama anwani niliiandika sawasawa. Papa Kalonji, Mkongo wa kanisani kwetu, ni fundi wa injini za boti bandarini. Nyumba moja ya wageni huko juu Drakensberg ilimwita akatengeneze pikipiki ya theluji, kwa kuwa injini yake ni ya aina ileile.

"Mamzeli," aliniambia, "moteri nitaisikiliza na masikio. Makaratasi utanisomea weye."

Saa kumi na moja alfajiri tuliondoka kwa pikapu yake. Pinetown tulichukua mkanda mpya wa injini. Njiani niliandika daftarini hatari zote nilizoweza kuziwaza: ukungu, vidole kuganda, moshi kujaa bandani, theluji kuporomoka. Kwenye robot moja, yaani taa za barabarani, Papa alichungulia.

"Eish! Na simba?"

"Kule hakuna simba, Papa."

"Andika tu. Hauwezi kujua."

Saa sita mchana tulifika. Sikuwahi kuona weupe mwingi namna ile. Hata ua wa ng'ombe ulikuwa umebakiza ncha za nguzo tu. Tulipokelewa na Ntate Mokoena, Msotho wa makamo mwenye blanketi begani, msimamizi wa njia. Alituonyesha pikipiki yenyewe: mbele ina mbao mbili za kuteleza, nyuma mkanda mpana wenye meno. Huvuta fremu nzito ya chuma inayoshindilia theluji hadi iwe ngumu, mtu aweze kupita bila kuzama. Njia hiyo inakwenda mpaka nyumba za ng'ambo ya kilima, na muuguzi huipita kila wiki. Kwa kuwa ile ni ardhi ya umma, haishindiliwi bila kibali cha ofisi ya hifadhi, na masharti yakivunjwa kibali hufutwa, muuguzi haendi.

Nilimpenda Ntate tangu hapo. Kibali kilikuwa kimebandikwa mlangoni, na chini yake daftari la njia: kila anayetoka huandika saa, na akirudi huandika tena. Hata yeye mwenyewe, akienda kuchota maji tu, aliandika.

Alasiri Papa alifungua injini. Alisafisha, akafunga ule mkanda mpya, akainamisha kichwa akisikiliza kama daktari. Ikaunguruma. Ntate akapiga makofi, akaniomba nimsomee fundi masharti ya kibali kabla ya kuijaribu. Niliyasoma yote, nikaongeza na tahadhari zangu. Sharti kubwa lilikataza kutoka nje ya theluji. Kwetu Nyeri, mama yangu huuita weupe wa kileleni barafu, nami nikasema kama mama:

"Papa, usitoke kwenye barafu hata kidogo."

"Nimesikia."

Ntate alitangulia hadi kigingi cha kwanza, amebeba kamba na ufito wa kupimia kina. Papa akaondoka taratibu, mgongo umenyooka. Mita hamsini mbele aliiacha njia. Alikata kushoto, kwa makusudi kabisa, akashuka kwenye kijito kilichoganda, kinachong'aa kama kioo.

"Papa! Toka! Barafu!" nilipiga kelele.

Aligeuka, akaniinulia kidole gumba. "Ndiyo! Niko kwa barafu!"

Kioo kikapasuka. Mbele ya pikipiki ikazama, Papa akatumbukia mpaka kifuani, na maji yalikuwa yanamvuta miguu kuelekea chini ya barafu nzima. Ntate hakukimbilia majini. Alilala kifudifudi ukingoni, akasukuma ufito mbele, akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Shika miguu yangu, binti, na usisimame." Nililala, nikashika. Nilihisi uzito wa watu wawili mikononi, na sikuwaza kitu. Papa alishika ufito. Alitoka inchi kwa inchi, akitetemeka, akimwita Mungu kwa Kifaransa. Kisha tuliivuta pikipiki kwa pikapu na kamba.

Jioni, mbele ya moto, Papa akiwa amevaa blanketi tatu, nilimuuliza kwa nini.

"Si ulisema nisitoke kwa barafu? Barafu minaijua, mamzeli. Ndiyo tunawekea samaki bandarini: ngumu, ya kung'aa. Ile ingine niliona kama unga tu."

Nililia. Nilimwambia Ntate kosa ni langu, nikamsihi aandike hivyo, ofisi isimnyang'anye kibali. Alikuwa tayari ameshika kalamu, daftari la njia mapajani.

"Kitabu hakiulizi nani," alisema. "Kinauliza wapi." Akachora kijito na mahali kilipopasuka, akaandika kina cha maji.

Kesho yake saa mbili alisoma maandishi hayo kwa simu ya upepo, neno kwa neno, bila kupunguza. Ofisi ilijibu kwamba kibali kinabaki, mradi kijito kiwekewe vigingi vyenye vitambaa vyekundu kabla ya muuguzi kupita. Tulivipigilia sisi watatu. Papa alikausha injini, na yeye ndiye aliyeshindilia njia; safari hii nilimtangulia kwa miguu, nikionyesha kwa mkono badala ya kusema.

Mchana muuguzi alipita na mkoba wake, akatusalimia, akaandika saa.

Tuliteremka kurudi Durban siku hiyohiyo. Nimejifunza kwamba mtu anayeogopa kila kitu hupunguza hatari kwa maneno mengi, na Ntate huipunguza kwa neno moja lililo sahihi. Karibu na Howick Papa alizima redio ya gari.

"Ile ya unga. Inaitwa je?"

"Theluji."

"Selushi."

"Theluji, Papa."

Alirudia mpaka Pinetown, nami sikumwachia mpaka akaitamka sawasawa.