Diski Iliyokataa Kutoka Siku ya Harusi ya Kavugho

Kuna wamama wa kanisa letu hapa Butembo ambao hadi leo tukikutana wananiuliza kama diski ilishatoka, nami nacheka nao tu, maana aibu iliyoonwa na kwaya nzima utaificha wapi?

Ilikuwa harusi ya Kavugho, dada yangu mdogo. Baba alikuwa ameaga dunia mwaka uliotangulia, akatuachia gari lake la kijani, na Mama hakuomba kitu kingine: binti aende kanisani ndani ya gari la baba yake. Tatizo ni kwamba freni za nyuma zilikuwa zinalia kila mteremko (na Butembo, ukiondoa miteremko, kunabaki nini?), kwa hiyo nikanunua diski mpya, na badala ya kwenda kwa fundi nikasema nitazibadili mwenyewe, si nilimwona Baba akifanya hivyo miaka yote?

Ijumaa jioni nikafungua upande wa kulia, diski ikatoka kama kifuniko cha sufuria, nikajiona fundi. Mvua ikaanza. Nikarudisha gurudumu, Kavugho akaingia mbele kando yangu, tukasogeza gari mpaka chini ya mabati. Upande wa kushoto nikauachia asubuhi.

Asubuhi diski ikakataa. Niwaeleze, labda siku moja itawafaa: diski hukaa juu ya kitovu cha gurudumu, na kutu ikiingia katikati inavishika kama gundi. Usiikasirikie. Toa kwanza ile skrubu ndogo, tia mafuta, subiri, halafu gonga ukizunguka, huku kidogo na kule kidogo. Ikikataa bado, kuna matundu mawili kwenye diski yenyewe; ingiza buloni mbili (bolti), uzikaze kwa zamu, zitaisukuma nje. Hayo Baba alinifundisha, na yote niliyafanya, nikiwa nimeshavaa shati jeupe la harusi (nilisema ni kazi ndogo), na diski haikusogea.

Wamama wa kwaya wakaja kumsindikiza bibi harusi. Wakaimba wimbo wa kwanza, wakaimba wa pili, na kwenye wa tatu nikatambua kwamba wanafuata mapigo ya nyundo yangu.

Kisha akafika mjomba wa bwana harusi kwa pikipiki, koti limejaa vumbi.

"Sisi tumetoka Beni, tumefika," akasema. "Ninyi muko hapa hapa, hamuyafika?"

"Inabakia kidogo, papa."

"Ile kidogo ya tangu asubuhi," tantine mmoja kati ya wale wamama wa kwaya akajibu kwa niaba yangu.

Mjomba akavua koti, tukavuta pamoja mpaka akashika kiuno, akaenda kukaa. Hapo Mama akatoka nyumbani. Akaliangalia gari kwa muda mrefu.

"Kambale, acha. Muite jirani alete yake."

Sauti ilikuwa ndogo sana. Heri angenigombeza.

"Mimi siende na ya jirani," Kavugho akasema nyuma yake. Akainua gauni kwa mkono mmoja, akapita katikati ya vifaa vyangu, akafungua mlango wa mbele ili aweke maua yake juu ya kiti, kama mtu anayeshika nafasi. Kisha akatazama kando ya kiti.

"Yaya," akaniita, ndivyo kwetu anavyoitwa kaka mkubwa.

"Nini tena?"

"Frein à main iko juu."

Freni ya mkono! Nyundo ikasimama.

"Nani alivuta?"

"Njo mimi. Jana."

Alipokuwa mdogo hiyo ilikuwa kazi yake. Baba alikuwa akisimama kwenye mteremko, anasema "Vuta," naye anavuta freni ya mkono kwa mikono miwili, ulimi nje. Jana yake nilipozima gari mkono wake ulikwenda wenyewe, na hakuna kati yetu aliyegundua. Na kwenye gari lile freni ya mkono inaibana diski ya nyuma kutoka ndani. Mimi nilikuwa navutana na kitu kilichoshikwa.

"Shusha," nikamwambia, huku nimeishika diski kwa nguvu zote (kosa la pili, ningeiachilia kwanza). Akashusha. Diski ikatoka pamoja nami, nikaanguka chali kwenye tope, nayo kifuani. Mtu akaanza kucheka, na alikuwa Mama. Tangu matanga hatukuwa tumeusikia ule mcheko.

Tulifika tumechelewa. Katika picha zote za harusi nina mviringo mwekundu wa kutu kifuani, mkubwa kama sahani. Lakini mbele ya kanisa, kwenye mteremko, kabla sijainua mkono, Kavugho aliinama ndani ya gauni lake lote, akavuta kwa mikono miwili.

Siku hizi sigusi nyundo kabla sijaangalia ule mkono wa freni, nanyi msiguse. Kavugho anakaa Beni. Nikisimama kwenye mteremko peke yangu, huwa nangoja kidogo kabla ya kuvuta.