Kichwa cha Rose

Rose alizaliwa wiki tisa kabla ya wakati wake, akiwa na kilo moja na gramu mia nne. Baba yake, Anselmo, dereva wa bodaboda wa Chiungutwa, alicheka kwa furaha alipoonyeshwa mtoto hospitalini Masasi, kisha akaogopa kumshika. Mkewe Dorika alikuwa amejifungua kwa upasuaji na hakuweza kuketi, kwa hiyo muuguzi Grace akamwambia Anselmo avue shati. Akamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akamfunga kwa kitenge. Anselmo alishawahi kupakia magunia ya korosho na hata mbuzi wawili kwa safari moja, lakini hakuna mzigo alioushika kwa uangalifu kama ule.

Rose alikua. Walirudi nyumbani, na akiwa na miezi mitatu Dorika akagundua jambo alipokuwa anamwogesha: kisogo cha mtoto kilikuwa kimebonyea upande wa kulia. Majirani nao wakaanza kuangaliana. Mama Flora, mama mzazi wa Dorika, alikuja kutoka Makote na dawa yake tayari. Alitaka kukikanda kichwa kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka kirudi mahali pake. Watoto wake saba wote aliwakanda hivyo.

Anselmo hakuwa mtu wa kubishana na mkwewe. Alimwomba tu kwa adabu wasubiri siku mbili, siku ya kliniki ifike, waende wote wakasikie.

Kliniki, pale pale hospitalini Masasi, muuguzi Grace alizungusha futi kamba kichwani mwa Rose, akapapasa utosi, akageuza shingo yake taratibu huku na huku. Akawaeleza kwamba mifupa ya kichwa cha mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya siku zake, ni laini sana, na pale anapolalia zaidi ndipo panapobonyea. Kisha akauliza swali ambalo hawakulitegemea: chumbani kwao mwanga unatokea wapi? Anselmo akafikiri. Mwanga uliingilia mlangoni, kulia kwa mtoto, na Rose hulala akitazama mlangoni siku zote.

Mama Flora ndiye aliyeuliza lile ambalo wazazi walikuwa wanaliogopa.

"Mwanangu, huyu mjukuu wangu akili zake zipo?"

"Zipo zote, mama," Grace akamjibu. "Ubongo wake hauna shida. Ni mlalo tu, na mlalo tunaurekebisha."

Dorika akashusha pumzi, machozi yakamtoka huku anacheka. Grace akaendelea: kukanda kunaweza kumuumiza au kumuunguza. Akilala alale chali, bila mto, na kila baada ya kunyonya kichwa kigeuzwe upande mwingine. Akiwa macho, mtu akimwangalia, alazwe kifudifudi kidogo kidogo, na abebwe mara nyingi. Utosi ukivimba, kichwa kikikua haraka mno au shingo ikikataa kugeuka, wasingoje tarehe ya kliniki.

Mama Flora akasogea karibu. Halafu akaomba aonyeshwe tena.

Nyumbani, leo Rose alilazwa kichwa huku, kesho walimgeuza kichwa kikawa kule miguu ilikokuwa, ili aufuate mwanga kwa kugeuza shingo upande wa pili. Kumlaza kifudifudi akiwa macho ikawa kazi ya bibi. Alijilaza naye mkekani, pua kwa pua, akimsemesha Kimakonde. Mwanzoni Rose alilia. Wiki ya tano simu ya Anselmo ikaita akiwa kijiweni, na abiria, mwalimu mmoja aliyekuwa anakwenda Chidya, ameshapanda.

"Baba Rose, amenyanyua kichwa," Dorika alisema. "Amekinyanyua mwenyewe, anamwangalia bibi yake."

Anselmo alimwomba mwalimu radhi, akashindwa hata kueleza vizuri. Mwalimu akasema basi waende wote wakaone. Wakaingia uani pamoja, na Rose, shingo ikitetemeka, akakinyanyua tena mbele ya mgeni. Mwalimu akapiga makofi kama wao.

Miezi minne baadaye kisogo kilikuwa kimejaa. Alama kidogo ilibaki, ya kuonwa na mama tu. Grace akamwomba Anselmo aseme na wazazi wenzake kliniki. Alianza kwa kigugumizi, akanogewa, akawa anaeleza kwa mikono yote miwili, mpaka Mama Flora akasimama katikati ya maneno yake.

"Mimi nilitaka kumkanda huyu," akasema. "Nilikuwa na maji jikoni. Leteni mtoto niwaonyeshe anavyolazwa."

Akina mama wakasogea. Nyuma yao kijana aitwaye Barnaba, baba wa mapacha njiti, alimvuta Anselmo shati akamwomba siku akipata nafasi aende kwao kuwaelekeza. Anselmo akamuuliza kwa nini wasiende sasa hivi, akaanza kutafuta ufunguo wa pikipiki mfukoni.