Mwaka Walipomnywa Ng'ombe Wao

Mwaka ule mvua ya kwanza ilinyesha Mhunze, ikalainisha ardhi, kisha ikatoweka. Visima vya mchangani vilikauka. Maji yalibaki kwenye bomba la mwenye duka mmoja wa Kihindi, aliyechimba kisima kirefu na kukifungia mashine. Kila nyumba ililipa kwa mwezi. Mama yangu, mjane aliyetulea kwa uji wa kuuza gulioni, alishindwa kulipa, na nyumba nyingine kadhaa zilishindwa pia. Tukakatazwa kuchota. Bila maji hakuna uji, na bila uji, Mama alisema, angetugawa kwa wajomba, mmoja huku, mwingine kule.

Mwenye duka alikuwa na shamba kubwa la pamba, na kulilima aliita kikundi cha vijana wa jembe. Malipo yao yalijulikana Usukumani kote: ng'ombe dume, achinjwe siku ya mwisho, nyama iliwe huku ngoma ikichezwa. Vijana humwota ng'ombe huyo mwaka mzima.

Nilikwenda kuwatazama. Hata leo sijui niuelezeje mstari wao wa kulima. Ngoma ililia, majembe yakapanda pamoja, yakameta juani, yakashuka, na ardhi ikaguna chini ya nyayo zangu. Waliyarusha hewani wakayadaka bila kupoteza pigo. Vumbi liliwafunika hadi nikaona kama shamba lenyewe limeinuka kucheza.

Siku ya mwisho ng'ombe alikuwa amefungwa tayari, amenona. Kiongozi wao, waliyemwita nsumba ntale, alimzunguka, akampapasa nundu, kisha akamwambia mwenye duka amrudishe zizini. Badala yake walitaka maji kwa nyumba zilizoshindwa kulipa, mpaka mvua irudi.

Mwenye duka alidhani anataniwa. "Maji hayana mafuta, kijana."

"Tunajua, mzee. Mwaka huu tutamnywa ng'ombe wetu."

Nyuma ya kiongozi kijana mmoja alinung'unika kwamba angalau wangeachiwa ulimi. Wakacheka, lakini hakuna aliyetoka mstarini. Mwenye duka akaagiza ufunguo wa bomba uletwe.

Jioni walicheza ngoma yao yote, tumboni wakiwa na ugali na mlenda tu. Mama alipofika bombani na mtungi, ngoma ilinyamaza. Kiongozi yule, uso mzima vumbi, aliinama kidogo.

"Shikamoo, mama. Chota."

 Mama alitega mtungi, nasi sote tukasimama tukisikiliza maji yakipanda ndani yake.