Distributa ya Gari la Mama Eufrazia

Thadei alikuwa fundi magari mjini Mpanda, na kwa miaka mingi hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kufungua boneti ya gari la mama Eufrazia. Eufrazia alikuwa mjane mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Gari aliachiwa na marehemu mumewe, aliyelinunua kwa Mzungu mmoja mpima madini: gari dogo jekundu la mbio, la Kijapani, lenye milango miwili, lililofika Mpanda juu ya behewa la treni. Injini yake haikuwa na pistoni. Ndani mlikuwa na rota mbili za pembe tatu zilizozunguka kama jiwe la kusagia, na distributa mbili za kugawa moto kwenye plagi: moja ya moto mkuu, nyingine ya kumalizia.

Platini za distributa hizo, vile vyuma vidogo vya kukata na kuunga umeme, zilikuwa na kisirani. Zikiingia vumbi, au kukiwa na baridi ya asubuhi, gari linakohoa na kuzimika. Hapo anaitwa Thadei. Anazisugua kwa msasa, anarekebisha mwanya, gari linanguruma. Kisha analetewa chai ya maziwa barazani, na Eufrazia anawaambia waliokuja kukoboa, "Huyu ndiye fundi wangu."

Neno hilo Thadei alirudi nalo nyumbani kila mara. Mkewe Prisila alikuwa akimcheka: "Mwenzangu, umeoa wake wawili, mimi na lile gari."

Kiangazi cha mwaka 1977 akaingia Nkwabi, Msukuma aliyewafuata ndugu zake waliohamia na ng'ombe upande wa Magamba. Aliwahi kufanya kazi Dar es Salaam, kwenye gereji ya magari ya mashindano. Siku moja alipeleka mpunga kukobolewa, akalisikia gari likikohoa.

"Mama, gari hili linaumwa platini," alisema. "Mimi ninayo distributa isiyotumia platini kabisa. Ni ya umeme. Tukiifunga kwenye moto mkuu, utasahau habari za kusugua."

Thadei alikuwa pale pale, msasa mkononi. "Mama, hayo ni mambo ya Dar," alisema. "Huku kuna vumbi."

"Kwani vumbi halili hizo platini zako, fundi?" Eufrazia aliuliza, akacheka. "Acha tujaribu."

Nkwabi akaing'oa distributa ya zamani, akaiweka mpya mahali pake taratibu, akaikaza bolti. Thadei alikaa mbali akijifanya kusafisha plagi. Eufrazia akageuza ufunguo. Gari likawaka mara moja, likatulia, likawa linaunguruma bila kukwama hata kidogo.

"Ee Mungu wangu!" Eufrazia alipiga makofi. "Nkwabi, wewe sasa ndiye fundi wangu!" Kisha akakumbuka, akageuka. "Na wewe Thadei utaendelea kuiangalia ile nyingine."

Ile nyingine. Kama mtu anayeachiwa ukoko wakati mwenzake amepewa chungu. Thadei aliinywa chai yake kwa shida. Kila aliyepita alisimama kusikiliza injini, na kila aliyesimama aliuliza jina la Nkwabi. Nyumbani akaukataa ugali. "Wivu utakuumbua," Prisila alimwambia.

Jumapili, Eufrazia alipokuwa kanisani, Thadei aliingia kwenye banda la gari. Akafungua boneti. Chini ya distributa mpya, upande wa ndani, Nkwabi alikuwa amekwaruza kwa patasi alama ndogo ya kuonyesha mahali inapotakiwa kukaa. Thadei akailegeza bolti, akaizungusha distributa kidogo ili plagi zichelewe kuwaka, akaiacha imekazwa nusu. Alitaka gari likohoe tu. Alitaka aitwe.

Kesho yake asubuhi Eufrazia alipita mwenyewe gereji. Gari lilikuwa zito kidogo, lakini lilikwenda. "Panda, Thadei. Binti yangu Verdiana amejifungua kule Kabungu. Nkwabi naye yumo. Nataka mafundi wangu wote."

Angeweza kusema pale. Akapanda.

Njiani injini ilizidi kulemewa. "Mama, simama nitazame," Nkwabi alisema kutoka nyuma. Eufrazia alitaka kwanza amalize kilima. Walipokaribia juu, bomba la moshi likalipuka kama bunduki, ulimi wa moto ukatoka nyuma ya gari, na nyasi kavu za kando zikawaka. Upepo ukausukuma moto moja kwa moja kwenye boma la mkulima mmoja, mzee Damiano.

Wote watatu waliruka. Walipiga moto kwa matawi pamoja na watu wa pale, Thadei mbele ya wote, mpaka nyusi zikaungua. Nyumba ilipona. Kihenge cha mahindi hakikupona.

Moto ulipozimwa, Nkwabi alifungua boneti. "Bolti imelegea," alisema kwa unyonge. "Mama, nisamehe. Labda sikuikaza sawasawa."

Thadei alimsukuma pembeni. "Lete spana." Mkono wake ukapita nyuma ya distributa, akaizungusha mpaka kwenye alama na kuikaza, bila hata kuitafuta. Injini ikawaka safi. Kwa kitambo kidogo alijisikia ameshinda.

Nkwabi alikuwa akimtazama. "Kaka, ile alama umeijuaje? Iko kwa ndani. Sikumwonyesha mtu."

Thadei aliishusha spana. Eufrazia alimtazama Thadei mikono, kisha uso.

"Sikutegemea haya kwako," alisema. Akaingia ndani ya gari. "Nkwabi, twende. Huyu abaki na mzee Damiano, amjengee kihenge."

Akabaki. Alikata fito, akasuka kihenge kipya, na akamlimia Damiano msimu uliofuata. Damiano alimsamehe mapema kuliko alivyotegemea. Eufrazia hakumsamehe, walisalimiana kanisani tu, "Tumsifu Yesu Kristo," basi.

Thadei aliendelea na malori na trekta za vijiji. Kazi ilikuwa nyingi na aliiweza. Siku moja gari jekundu lilipita mbele ya gereji, Nkwabi akiwa usukani, Eufrazia kando yake akimwambia kitu kilichowachekesha wote. Prisila alikuwa amemletea mumewe chakula.

"Bado inauma?" alimuuliza.

"Bado," Thadei alijibu, akanawa mikono, akala.