Dawa ya Chui Makengeza

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, watoto wa kijiji walimwita Baba Chui. Jina lilitokana na chui aliyemkausha kwa mikono yake mwenyewe na kumsimamisha mlangoni mwa makumbusho yetu. Macho ya chui yule ni gololi, na moja aliibandika upande, kwa hiyo mgeni akiingia, chui anamtazama yeye na dirisha kwa wakati mmoja. Nilimtania miaka yote. "Shemeji, huyu wako alikufa kwa risasi au kwa makengeza?" Naye alicheka kwa mabega tu, bila sauti.

Makumbusho yenyewe ni chumba kimoja kirefu, zamani kilikuwa bohari ya chama cha ushirika. Upande wa kulia wamepangwa wanyama wa kwetu: nungunungu, kicheche, bundi, na kakakuona aliyejikunja. Upande wa kushoto ni kazi za mikono: vinu, vigoda, na vikapu, vingi vya dada. Dada alikaa chini ya dirisha na kusuka huku wageni wakimtazama. Alichomoa uzi mmoja mmoja wa miyaa, yale majani makavu ya kusukia, akaupitisha katikati ya midomo ili ulainike, ndipo akausuka. Wenzake huloweka miyaa kwenye beseni. Dada alisema miyaa ya beseni inalegea kama mpira wa chupi kuukuu.

Mwaka mmoja wadudu waliliingia kapu lake la kifuniko, kazi ya masika mazima. Alipolinyanyua, likamwaga unga miguuni pake. Dada hakuwa mtu wa machozi, lakini siku ile alilia mbele ya wageni. Shemeji alisimama pale na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi.

"Vikapu vyako havitaliwa tena, mke wangu," alisema.

Nilidhani ni maneno ya kumtuliza tu.

Na kweli, havikuliwa tena. Mende waliisha, mijusi wakaisha, hata buibui wakahama. Kila asubuhi dada alifagia nzi waliokufa chini ya dirisha na kumsifu mumewe kwa usafi. Paka wao, aliyezoea kulala ndani ya vikapu na kujilamba humo humo, alianza kutapika, akanyong'onyea, akafa. Tukasema ni uzee. Mimi chumba kile kilianza kunitisha. Nilimwambia dada kwamba mahali pasipokaa hata mdudu, mtu anakaaje?

"Wewe ukiona mende unapiga kelele," akanijibu. "Sasa mende hakuna, unapiga kelele. Tukupe nini?"

Kisha tumbo likaanza kumsumbua. Ikafuata ganzi ya miguu, halafu vidole. Viganja vyake vikawa vigumu, vyenye vijipele kama punje za mchanga, na shingoni yakamtoka madoa meusi. Zahanati walimpa vidonge vya minyoo, baadaye vya vidonda vya tumbo. Akilala nyumbani majuma kadhaa, anapata nafuu. Akirudi kwenye kigoda chake, hali inarudi. Tukaona anajichosha.

Baba Chui alimuuguza, hilo siwezi kumnyima. Alimpikia uji, akamfulia, akamkanda miguu kwa maji ya moto. Alimkataza kushika hata ufagio. Kusuka tu ndiko hakumkataza, kwa sababu alijua ndiko kulikokuwa kunampa raha.

Ikafika siku dada hakuweza kuinuka. Alikuwa na kapu ambalo halijaisha, na lilimkera kuliko ugonjwa, basi nikaenda kulimalizia ili atulie. Nilivuta tita la miyaa lililohifadhiwa nyuma ya chui. Nilipochomoa uzi wa kwanza, vidole vyangu vikawa vyeupe.

"Shemeji, hii miyaa umeipaka chokaa?"

Alikuwa ameinama juu ya nungunungu, anamrudishia miba iliyodondoka.

"Si chokaa, ni dawa. Naweka kidogo tu, na huikung'uta kabla sijampa dada yako."

"Dawa gani?"

"Ile ya chui," alisema, akatabasamu kama mtu aliyekutwa anaficha zawadi.

Kopo la dawa ile, aliyoipaka ngozi ya chui isiliwe na wadudu, nilikuwa nalijua. Lilikaa juu kabisa, ndani ya sanduku la kufuli. Hakulifungua bila glavu na kitambaa puani, na akimaliza alinawa hadi viwikoni. Siku moja dada aligusa kifuniko chake tu, shemeji akamfokea, yeye ambaye hafoki. Alimlinda na kopo lile kama anavyolindwa mtoto na kisima.

"Dada anajua?"

"Ya nini kumsumbua? Yeye kazi yake kusuka."

Niliuinua ule uzi hadi karibu na midomo yangu, bila kuugusa, nikaupitisha taratibu kutoka pembe moja hadi nyingine, kama anavyofanya dada.

Alitazama. Tabasamu likabaki usoni kwa muda, kwa sababu hakuwa bado ameelewa. Miaka yote alikaa hatua chache kutoka kwenye mdomo ule, akauzoea hata akawa hauoni. Mwiba wa nungunungu ukamdondoka mkononi.

"Hapana," alisema. "Hapana, shemeji."

"Tangu lini?"

"Tangu lile kapu la kifuniko."

Nilimtukana. Matusi yenyewe siyaandiki, wazazi wetu wangefufuka. Alikaa sakafuni miguuni pa chui na kuyapokea yote, na jinsi alivyoyapokea ndivyo hasira ilivyozidi kunipanda, maana nilitaka abishe. Kisha nilikimbia kutafuta gari.

Hospitali kubwa walimpokea vizuri. Tuliwaeleza kila kitu, na kopo tukawapelekea ndani ya mfuko wa nailoni. Daktari alitutoa nje ya wodi. Alisema sumu ile imekaa mwilini muda mrefu, figo zimekwisha kuchoka, watafanya wanachoweza. Alipotaja neno "wanachoweza" aliangalia viatu vyake, nami nikajua.

Dada hatukumwambia. Shemeji alitaka kusema, akafungua mdomo mara mbili, nikamkanyaga mguu. Sijui kama nilifanya vizuri. Shemeji alikaa kitandani kwake akimshika kile kiganja kigumu, na dada, sauti ikiwa imeshuka kabisa, akaanza kuuliza habari za kazi. Chui amefutwa vumbi? Kapu limeisha? Akamvuta mumewe karibu.

"Vikapu vyangu," alisema. "Nikiwa sipo, usiache wadudu wavile."

Baba Chui aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa shuka.

"Haviliwi, mke wangu."

Shemeji yangu hajawahi kusema uongo, na siku ile pia hakusema.